Tishu ya chooni: ya jina kubwa au ya bei rahisi?

Tishu ya bei ghali ni salama zaidi?

Hapana. Pesa ya ziada unalipia ulaini, na jina. Tishu laini nyingi hutengenezwa kwa nyuzi mpya za miti, zikawekwa matabaka mawili au matatu. Za bei rahisi mara nyingi hutokana na makaratasi yaliyokwisha kutumika, yakasagwa upya. Nyuzi zikisagwa tena na tena hukatika zikawa fupi, ndiyo maana baadhi ya rola hukwaruza au huacha ungaunga. Ni kero, lakini si ugonjwa.

Kuuza karatasi kwa jina la dawa hakukuanza leo. Mwaka 1857 Mmarekani Joseph Gayetty aliuza karatasi zenye shubiri, jina lake likiwa kwenye kila kipande, akidai zinazuia bawasiri. Bawasiri huchochewa na choo kigumu na kujikamua kwa muda mrefu, kwa hiyo fikiria mboga, matunda na maji ya kunywa kabla ya kufikiria rola.

Mbona nawashwa kila nikitumia?

Shuku kwanza manukato na rangi. Rola ya rangi ya waridi inayonukia maua inaweza kukuwasha kuliko nyeupe ya bei ya chini isiyo na harufu. Waipsi, zile tishu zenye unyevu, nazo zina vihifadhi vinavyowaletea baadhi ya watu mzio. Acha vyote hivyo wiki mbili uone. Mtoto akijikuna usiku, huenda ni minyoo. Ukiona damu, nenda kituo cha afya.

Mimi huchamba kwa maji. Tishu ina kazi gani?

Kukausha tu, na hapo ndipo ubora unapoonekana. Tishu ya tabaka moja ikigusa ngozi yenye maji huchanika, vipande vikabaki mwilini, nawe ukaanza kusugua. Msuguo huo ndio unaochubua. Gandamiza taratibu, usisugue. Kwa wanawake, futa kutoka mbele kwenda nyuma: bakteria wa kinyesi wakifika kwenye njia ya mkojo huleta UTI, hata tishu iwe laini kama pamba.

Dukani nitajuaje kama nimepata thamani ya pesa yangu?

Usiangalie unene wa rola. Ibonyeze: nyingine zimezungushwa kwa kulegea, na bomba la katikati ni pana kama kikombe. Soma idadi ya vipande, gawanya bei. Kumbuka pia kwamba ile nyepesi utaikunja mara mbili au tatu, na unafuu wote ukaishia hapo.

Zikiisha, nitumie tishu za mezani?

Kwa kujifutia, sawa. Kwa choo cha kuvuta, usizitupe ndani. Tia kipande kwenye chupa ya maji utikise: tishu ya chooni itasambaratika, ile ya mezani itabaki nzima, na ndiyo inayoziba bomba.