Kubuni si kungoja mzuka

Jumamosi nafundisha vijana wachache kuchora, hapa hapa barazani kwetu, na haikosekani Jumamosi yenye kijana aliyekaa mbele ya karatasi ya manila, penseli kaichomeka nyuma ya sikio, hachori. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Mwalimu, leo mzuka bado." Juzi mzazi mmoja, kwa nia njema kabisa, alimkataza binti yake kumtazama kuku aliyekuwa akiparura pembeni. "Umeambiwa ubuni, mama. Usiangalizie." Hapo nikaona heri niandike.

Kubuni ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwapo, kwa kupanga upya vile ulivyonavyo. Maana ndiyo hiyo, haina utata. Utata umeletwa na majirani zake, kuzua na mzuka, ambao watu wamewachanganya naye mpaka wamekuwa kama ndugu wa tumbo moja. Hao ni ukoo mwingine.

Buni asili yake hutajwa kuwa Kiarabu, bana, yaani kujenga. (Mbuni ndege na mbuni wa kahawa tuwaache walipo, wamegongana jina tu.) Na wanaotuchorea ramani za nyumba tumewaita wabunifu majengo, kwa hiyo neno limezunguka weee, likarudi kwao. Sasa mjenzi, awe hodari kiasi gani, lazima ashushiwe mchanga na mawe kwanza. Mchoraji naye ni hivyo hivyo. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon, na habari zake zikamfikia mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer kule Nürnberg kwa barua na mchoro mdogo. Dürer hakumwona mnyama yule hata siku moja, lakini alimchora. Mtazame kifaru wake: ngozi imegawanyika vipande vipande kama deraya la askari wa farasi, na mgongoni kapachikwa kijipembe cha ziada. Pale alipokosa kifaru alijazia vitu vya kwao. Huko ndiko kubuni, na ndiyo maana hata alipokosea alikosea kwa mpangilio.

Zua ni habari nyingine. Kwanza ni kutoboa, kama mdudu anavyozua ubao. Halafu ni kuleta jambo lisilo na mizizi, mara nyingi la uongo: kazua kisa, ndipo tukapata uzushi na mzushi. Ndugu yake ni zuka, kutokea ghafla, na huko ndiko alikotoka mzuka. Kwa bibi zetu mzuka alikuwa pepo anayekutokea njiani usiku. Kwa vijana wa leo ni ile hamasa inayokupanda ngoma ikikolea. Neno tamu, nami nalitumia. Ila sikiliza linavyosemwa: mzuka unapanda, mzuka unakata. Mwenye mzuka hatendi, anatendwa. Huyu kijana wangu wa penseli sikioni anangoja atendwe, na pengine itafika adhana ya magharibi karatasi bado nyeupe.

Ajabu ni kwamba hata mashetani wenyewe hawakuja kwa mzuka. Nazungumzia vile vinyago vya Kimakonde vya mpingo vinavyoitwa shetani, vyenye jicho moja, mdomo umeenda upande, kiungo kimekosekana. Mwanzilishi wa mtindo huo hutajwa kuwa Samaki Likankoa, Mmakonde aliyekuwa akichonga Dar es Salaam miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba alikuwa na kinyago cha binadamu wa kawaida, mkono ukavunjika. Badala ya kukifanya kuni akaendelea kukichonga kilichobaki, mpaka kikawa kiumbe cha zile hadithi za majini alizokua nazo. Mkono uliovunjika na hadithi za utotoni: mali ghafi ilikuwa hiyo, na vyote viwili tayari alikuwa navyo.

Basi kijana wa mzuka nikamwekea mezani kitana kilichong'oka meno mawili na gamba la konokono, nikamwambia achore kitu chochote isipokuwa kitana na konokono. Akaguna. Akakigeuza kitana, meno juu. Baada ya muda nikasikia penseli. Alichora pantoni ya Kigamboni: meno ya kitana yamekuwa abiria waliosimama wamebanana, pale penye pengo kaweka mama mwenye beseni kubwa ambaye watu wamempisha, na gamba la konokono limekuwa moshi unaojiviringa juu ya bomba. Sijui kama pantoni ya sasa inatoa moshi wa namna ile. Sikuuliza.

Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia wa zamani, aliwashauri wachoraji wakodolee macho ukuta wenye madoa mpaka waone humo milima na vita. Kuta za madoa masika hutuletea za kutosha, na hazilipishwi.

Najua kuna atakayenitolea ile kauli ya mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965: usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Naikubali yote. Lakini alichokataza ni kunakili. Mwenyewe alipochora maisha ya Yesu kwenye ukuta wa kanisa la Murang'a, aliwaweka watu wa pale pale, na vilima vya pale pale, na huwezi kuyapata hayo bila kutazama sana. Anayenakili hulaza picha ya mwenzake kando ya karatasi hadi mstari wa mwisho, kila akikwama anachungulia. Anayebuni hutazama kwanza, kisha anakiacha alichokitazama, na kile alichokisahau ndicho kinachompa nafasi ya kuweka chake.

Mama yule nilimvutia kiti, nikamwambia kwa upole: dada, mwache amtazame kuku mpaka achoke, amhesabu na vidole. Akishiba tutamgeuza aelekee ukutani, na hapo ndipo tutamwambia abuni.