M.F. Husain: kesi inajulikana, picha hazijulikani

Mtaje mchoraji wa India Maqbool Fida Husain, na jibu la kwanza huwa hili: yule mzee aliyechora miungu ya Kihindu uchi, India ikamfukuza. Maneno machache, makosa kadhaa.

Dhana: alitiwa hatiani, akafukuzwa.

Hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Aliondoka mwenyewe mwaka 2006 akiwa na miaka 90, kwa kuwa kesi dhidi ya picha zake zilikuwa zimefunguliwa katika miji mbalimbali, nyumba yake ya Mumbai ilikwisha kuvamiwa mwaka 1998, na vitisho vya kumuua havikukoma. Tarehe 8 Mei 2008 Mahakama Kuu ya Delhi ilizifuta kesi zilizokuwa mbele yake. Jaji Sanjay Kishan Kaul aliandika kwamba mchoraji wa umri huo anastahili kuwa nyumbani kwake akichora. Sheria ilimtetea, lakini nani angesimama mlangoni kwake usiku? Hapo ndipo serikali inapostahili lawama, kwa kushindwa kumlinda.

Dhana: alichora makusudi ili achokoze, wakati joto la kidini limepanda.

Michoro iliyozua ghasia aliichora miaka ya 1970. Ilikaa bila kelele mpaka mwaka 1996, jarida moja la Kihindi lilipoichapisha kwa makala ya kumshambulia. Ile nyingine, ya mwanamke uchi aliyejikunja kama ramani ya India, ilikwisha kuuzwa kwa mtu binafsi mwaka 2004. Miaka miwili baadaye ikatangazwa katika mnada wa kuwachangia waathirika wa tetemeko la Kashmir kwa jina la Bharat Mata, yaani Mama India. Husain alieleza mahakamani kwamba jina hilo hakulitoa yeye, wala mnada haukuwa wake.

Wala hakuwa mgeni aliyevamia imani za watu. Alizaliwa Pandharpur, mji wa Maharashtra ambako mahujaji wa Kihindu humiminika kwa mungu wao Vithoba, katika familia ya Mabohora wa Kisulaimani, ndugu wa mbali kimadhehebu wa Mabohora wa Mombasa na Unguja. Mwanasiasa Ram Manohar Lohia alimhimiza aachane na kuta za matajiri, achore hadithi ambazo wananchi wanazijua. Husain akachora mfululizo mzima wa Ramayana, utenzi mtakatifu wa Wahindu. Wanaomtuhumu mara nyingi huuruka.

Dhana: aliwakera Wahindu peke yao.

Mwaka 2004 jumuiya za Kiislamu zililalamikia wimbo wa filamu yake Meenaxi kwamba umetumia maneno ya Kurani. Filamu ikaondolewa kwenye majumba ya sinema.

Dhana: Mama Teresa aliyemchora hana uso kwa sababu Uislamu unakataza sura.

Nyuso alizichora nyingi tu. Mama yake mzazi, Zainab, alifariki Husain akiwa mtoto mchanga, na mwenyewe alisema hakumbuki sura yake. Ukitazama sari nyeupe yenye pindo la buluu imemkumbatia mtoto, na juu ya shingo hamna kitu, fatwa haihitajiki.

Dhana: ni Picasso wa India, aliyeiga Ulaya.

Jina hilo la magazeti halijamsaidia. Alianza kwa kupaka mabango ya sinema Bombay (Mumbai ya leo), kazi inayomfundisha mtu mstari mkubwa na wa haraka. Mwaka 1947 aliingia katika kundi la wasanii la Progressive Artists lililoanzishwa na mchoraji F.N. Souza, na mwaka uliofuata wawili hao walikwenda Delhi kutazama maonyesho ya sanaa ya kale ya India. Umbo la wanawake wake linatoka kwenye sanamu za enzi ya Gupta, ufalme wa India ya kale, rangi zake kwenye michoro midogo ya Basohli, kaskazini mwa India. Farasi wake maarufu wana asili mbili: maandamano ya Muharamu na ufinyanzi wa China. Picha yake Gram Yatra, aliyoichora mwaka 1954, ilining'inia miaka mingi hospitalini Oslo. Machi 2025 iliuzwa New York kwa takriban dola milioni 13.8. Ni mandhari za vijijini India, na mungu aliyechorwa uchi hayumo.

Dhana: aliikana nchi yake.

Qatar ilimpa uraia mwaka 2010. India hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliirudisha pasipoti. Alikufa London tarehe 9 Juni 2011, akazikwa makaburi ya Brookwood, Uingereza. Makumbusho yanayobeba jina lake yalifunguliwa Novemba 2025, mjini Doha.