Mwanajeshi Wenu Hapati Usingizi Usiku? Msimngoje "Atulie": Maswali na Majibu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Lamu, pwani ya Kenya. Tangu operesheni ya kijeshi dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni ianze mwaka 2015, tunawapokea watu waliopitia risasi na mabomu ya kutegwa barabarani: wanajeshi wastaafu, polisi, polisi wa akiba, na wanavijiji waliokuwa njiani tu. Maswali haya huulizwa na wake zao, mama zao na ndugu zao. Wengi hunifikia wakiwa wamechelewa mno, na hilo ndilo linaloniuma.

Kiwewe ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa akili unaomshika mtu aliyekiona kifo kwa karibu. Tukio linamrudia ndotoni na hata akiwa macho. Anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtuka ovyo, hasira zake ziko karibu, na watoto wake mwenyewe anawaona kama wa jirani. Wiki za mwanzo wengi huwa hivyo, kisha hupoa. Mwezi ukipita na bado hawezi kulala wala kufanya kazi, huo si uchovu tena.

Nilimwona mstaafu mmoja katika kijiji cha mafundi wa majahazi. Asubuhi mafundi wakianza kugonga kalafati, yeye alikuwa chini ya kitanda cha kamba, mikono kichwani. Mkewe alizoea kufungua redio sauti ya juu kabla ya mafundi kuanza, ili nyundo zisimfikie. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu kabla ya kumleta mumewe kliniki.

Mganga ametwambia ni jini la msituni. Tumalize kwanza tiba yake?

Hapana. Msimalize kwanza. Njooni sasa.

Dua someni, mimi pia nasoma. Lakini kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa na kunywewa, haliondoi kiwewe, na ngoma ya kupunga usiku kucha, kelele na moshi, humrudisha mtu palepale alipopigwa risasi. Nimewapokea watu waliozungushwa kwa waganga hadi mafao ya kustaafu yakaisha. Mwenye dua na aje na dua yake, na miadi ya kliniki asiikose.

Si atatulia mwenyewe akioa, au akipata shamba?

Hatulii. Anachotulia nacho ni miraa mchana na pombe usiku, na hapo mnakuwa na magonjwa mawili. Kuoa si dawa. Mnamtia binti wa watu chumba kimoja na mtu anayeamka akipigana, kisha mnashangaa ndoa ikivunjika.

Tunamnunulia dawa ya usingizi dukani. Kuna ubaya?

Upo. Diazepamu na jamaa zake humlaza usiku wa leo, lakini kiwewe hakiguswi, mwili unaizoea, na akichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua. Tiba yenyewe ni mazungumzo ya mpangilio na mtu aliyesomea kazi hiyo, wiki baada ya wiki, na kwa wengine dawa kama sertralini au fluoksetini. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Kuna ndugu wanaozitupa siku ya tano wakisema hazifai. Tafadhali msizitupe.

Kuna siku anakuwa mkali. Tumfunge kamba?

Msimfunge. Ondoeni panga, bunduki na chochote chenye makali, watoeni watoto, na mleteni hospitali siku hiyohiyo. Nimeosha vidonda vya kamba vilivyofika kwenye mfupa, na sitaki kuviosha tena.

Alijaribu kujiua, tukaficha tukiogopa polisi.

Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinamfanya mtu wa namna hiyo kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo msifiche. Na mkishuku ana mawazo hayo, muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hupumua kwa kuulizwa. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda msalani, na msingoje kuche. Laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo.

Yuko kazini bado. Akitibiwa si atafutwa?

Sitawadanganya: anaweza kuondolewa kwenye bunduki kwa muda, na ni sawa aondolewe. Lakini Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya siri zake kutunzwa na ya kushirikishwa katika maamuzi ya matibabu yake. Anayejificha mpaka apige mtu au ajipige mwenyewe hupoteza kazi na zaidi ya kazi. Njooni kabla.

Nani anaisimamia serikali kuhakikisha watu hawa wanatibiwa?

Swali hili huulizwa mara chache, na ningependa liulizwe kila siku. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, kwa hiyo kliniki ikikosa dawa au muuguzi, wa kwanza kuulizwa ni idara ya afya ya kaunti, na anayeiuliza kwa niaba yenu ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Sheria ya 2022 inataka pia kila kaunti iwe na baraza la afya ya akili. Wanajeshi walio kazini wako chini ya Wizara ya Ulinzi, ambayo huhojiwa na kamati ya ulinzi ya Bunge la Taifa. Wastaafu nao wana Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, na wengi wanaokuja kwangu hawajapata hata kuisikia.

Jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Ripoti ni nzuri, lakini haimfikii mtu wa Basuba, kijiji cha huko Boni, kama hakuna anayeidai.

Na usimamizi unafanya kazi. Marekani, mwaka 2014, mkaguzi wa idara ya maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, alikuta wastaafu 1,700 katika mji wa Phoenix wanangoja daktari huku majina yao hayamo kwenye orodha rasmi ya wanaongoja. Waziri wa idara hiyo, Eric Shinseki, alijiuzulu mwezi huohuo wa Mei. Kosa lilionekana kwa sababu kuna aliyesema na kuna aliyehesabu. Kwetu mgonjwa akirudishwa nyumbani bila dawa, hushuka gatini kimya, akapanda boti, na hakuna daftari linaloandika kwamba alikuja.

Tumerudishwa mara tatu, "dawa hakuna". Tufanye nini?

Msirudi kimya. Mwambieni muuguzi aandike kwenye daftari la mgonjwa: tarehe, dawa iliyokosekana, na kwamba mmerudishwa. Kisha andikeni barua, hata ya mkono, kwa Kiswahili: "Naomba kujua kwa nini dawa hii haipo na itapatikana lini." Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Mgonjwa anayetaka kujiua ni jambo la uhai, kwa hiyo liandikeni hivyo katika mstari wa kwanza. Wakinyamaza, pelekeni nakala kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Nakala nyingine ibaki nyumbani, ndani ya plastiki isilowe botini.

Na huku mkiandika, tiba isisimame. Ulizeni hospitali nyingine, ombeni rufaa, ulizeni SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia nini.

Tuko mbali, Kiunga. Tuanzie wapi?

Zahanati iliyo karibu, kesho. Ombeni barua ya rufaa. Chukueni kitambulisho, karatasi zake za jeshi kama zipo, na dawa zote anazomeza, pamoja na za mganga, nizione. Aje na mtu anayelala naye nyumba moja, maana yeye mwenyewe atasema hana shida. Mkifika, ombeni kiti cha karibu na mlango, mgongo wake uelekee ukutani. Hapo ndipo wengi wao huweza kukaa mpaka jina lao liitwe.