Mkanda wa jeshi hauambukizwi, unaamka

Baba mkubwa anaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa thelathini sasa, na mwezi uliopita alipata barua ya kumwita akachanjwe mkanda wa jeshi. Ana miaka 72. Akatuma sauti kwenye kundi la familia: “Mimi sitoki, sikutani na watu, naswali nyumbani. Huo mkanda wa jeshi nitaambukizwa na nani?” Binamu mmoja akajibu papo hapo kwamba huo ni ugonjwa wa wenye UKIMWI, kwa hiyo barua imekosea mlango. Mwingine akakumbusha kwamba mkanda ukizunguka ukakutana, mtu haoni asubuhi. Makosa matatu kwa dakika mbili, na si mara ya kwanza kuyasikia.

Maana yake ni fupi. Mkanda wa jeshi ni kirusi cha tetekuwanga kilichoamka upya ndani ya mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga. Hakuna kirusi cha pili. Tetekuwanga ikishapona, magamba yakadondoka na mtoto akarudi shule, kirusi chenyewe hakitoki mwilini. Hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye vifundo vyake, vile vilivyopangana kando ya uti wa mgongo na vingine karibu na ubongo, kikalala humo miaka 20, 40, 60. Kinga ya mwili ndiyo inayokaa mlangoni. Mlinzi akichoka, iwe kwa uzee, kwa maradhi au kwa dawa zinazoshusha kinga, kirusi huteremka kwa mshipa wa fahamu hadi kwenye ngozi. Hutangulia maumivu, na baada ya siku mbili tatu hufuata malengelenge yaliyojipanga mstari.

Jina lenyewe nalipenda, ndiyo maana naumia likipotoshwa. Wagiriki wa kale waliuita mkanda anaojifunga mpiganaji zoster, na madaktari wanaandika neno hilo hilo kwenye faili hadi leo. Jina la Kiingereza, shingles, limetoka kwenye Kilatini, cingulum, nalo ni mshipi. Wajerumani husema waridi la mkanda. Kwa Kiarabu ni hizam nari, mkanda wa moto. Ndugu zetu wa Muscat wanalijua jina hilo, na sisi wa pwani hizam tunayo tangu zamani katika mahazamu, kile kitambaa cha kiunoni ambacho wazee walichomeka jambia. Wanorwe waliuacha mkanda wakashika moto peke yake: helvetesild, moto wa jahanamu. Nikimkumbuka shangazi yangu, naona Wanorwe ndio walioukaribia ukweli zaidi.

Kwa hiyo Mswahili aliyesema “mkanda wa jeshi” aliona kile kile alichokiona Mgiriki: alama pana, nyekundu, inayokumbatia kiwiliwili. Ila mkanda wa askari huzunguka kiuno chote ukafungwa kwa bizimu, na huu haufungwi. Kila mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo una upande wake, wa kulia au wa kushoto, na kipande chake cha ngozi cha kuhudumia. Kipande hicho huanzia mgongoni, hupita ubavuni, na huishia katikati ya kifua au tumbo. Kirusi kinapoteremka kwa mshipa mmoja, vipele hufuata kipande hicho na kusimama pale pale kwenye mstari wa kati. Unaweza kuweka rula. Kwa hiyo tunachokiita mkanda ni nusu mkanda, na hiyo nusu ndiyo inayomsaidia daktari kuutambua kwa macho. Hofu ya kwamba “ukikutana unakufa” imezaliwa na jina, watu wakisubiri nusu ya pili ije. Ni kweli kwamba mara chache vipele hutokea pande zote mbili au hutapakaa mwili mzima, na hapo mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Sababu ni kwamba kinga yake imeshuka sana. Kukutana kwa vipele hakuui mtu.

Neno lingine la kwenye faili linaloleta ugomvi ni herpes. Kijana huona “herpes zoster” kwenye cheti cha bibi yake, akalitafuta kwenye simu, akarudi na habari za magonjwa ya zinaa. Herpes ni Kigiriki cha kutambaa, na ni jina la ukoo mzima wa virusi. Kinacholeta vidonda vya sehemu za siri ni ndugu tu katika ukoo huo, si hiki.

Kosa la binamu lina historia, na silidharau. Miaka ya 1980 na 1990, kule Kagera, Rakai ya Uganda na kwingineko, vipimo vya VVU vilikuwa adimu, na kijana aliyetokwa na mkanda wa jeshi mara nyingi sana alikuwa na VVU. Madaktari waliutumia kama ishara, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye hatua ya 2 kati ya hatua 4 za ugonjwa huo. Watu wa kawaida nao walijifunza kusoma makovu ya shingoni na ubavuni. Ishara ilikuwa sahihi kwa vijana wale, kwa sababu VVU humchosha mlinzi mapema, na hata leo kijana akitokwa na mkanda ni vizuri apimwe. Tatizo ni kwamba tuliibeba ishara hiyo tukambandika kila mtu. Mzee wa miaka 75 hahitaji VVU ili mlinzi wake achoke, umri unatosha. Wapo wazee wanaojifungia ndani na ugonjwa huu kwa aibu, wakakosa dawa ambayo ingewasaidia siku zile za mwanzo tu.

Sasa neno linalonisumbua kuliko yote: kuambukizwa. “Kaambukizwa mkanda wa jeshi.” Na nani? Anayeumwa mkanda hampi mwenzake mkanda. Anachoweza kumpa, maji ya malengelenge yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua, ni tetekuwanga. Ndiyo maana mgonjwa hufunika vipele na kukaa mbali na vichanga na wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga, mpaka vikauke. Daktari wa Budapest, János Bókay, aliliona hilo mwaka 1892: watoto walipata tetekuwanga nyumbani mwa watu wazima wenye mkanda. Wenzake wengi waliendelea kudhani ni magonjwa mawili tofauti.

Aliyenifungua macho mimi ni Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza. Kwa miaka 16, kuanzia 1947, aliandika kila mgonjwa wa mkanda aliyepita mikononi mwake, watu 192, pamoja na umri wao. Tetekuwanga ilikuja kwa mawimbi, mtaa mzima, kisha ikatulia. Mkanda haukuwa na wimbi wala msimu. Ulitokea mmoja mmoja, na kadiri umri ulivyopanda ndivyo wagonjwa walivyoongezeka. Mwaka 1965 akaandika kwamba kirusi kimelala ndani ya mtu tangu utoto na huamka kinga ikipungua, na akakadiria kwamba watu wakifika miaka 85, nusu yao watakuwa wameshaugua. Alifika huko kwa daftari na subira.

Shangazi alikuwa na miaka 68. Alianza kuumwa ubavu wa kushoto usiku, kama mtu aliyechomwa pasi. Zahanati moja ikampa dawa ya kuchua, ikimwambia ni misuli. Vipele vilipotokea siku ya tatu, alivificha siku nne nyingine kwa sababu ya lile jina na yale ya UKIMWI. Dawa ya kupambana na kirusi, asiklovia, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, na yeye alishazipita. Ngozi ilipona ndani ya mwezi. Maumivu yalibaki miaka miwili. Nilimkuta barazani akishikilia upindo wa kanga kwa vidole viwili, ameuinua mbali na ubavu, kwa sababu kitambaa kikigusa tu anashtuka. Feni iliwekwa ielekee ukutani, kwa kuwa upepo wenyewe ulimuuma. Maumivu hayo hubaki kwa sababu kirusi kimeujeruhi mshipa wa fahamu kilipopita, na panadoli haifui dafu mbele yake. Kadiri mtu alivyo mzee ndivyo uwezekano wa kubaki nayo ulivyo mkubwa. Na mkanda ukitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho liko hatarini, na huyo ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Chanjo basi haizuii mtu kuambukizwa, maana kilichopaswa kuambukizwa kilishaingia. Kazi yake ni kumwamsha mlinzi. Ile inayotumika sasa Uingereza na Marekani, Shingrix, haina kirusi hai. Ina kipande cha protini ya ganda la kirusi, pamoja na kichocheo cha kinga ambacho sehemu yake hutokana na gome la mti wa Chile. Haiwezi kukupa mkanda wala tetekuwanga. Katika majaribio makubwa, ilizuia mkanda kwa takriban asilimia 97 kwa waliovuka miaka 50, na takriban asilimia 90 kwa waliovuka 70. Ni sindano mbili. Mkono utauma, na siku moja au mbili unaweza kuwa na homa na uchovu. Shangazi angekubali homa hiyo mara kumi. Hata aliyewahi kuumwa mkanda huchanjwa, kwa sababu unaweza kurudi.

Marekani hushauriwa kuanzia miaka 50, na wazee walio kwenye bima ya dawa ya Medicare hawailipii tangu Januari 2023. Uingereza hutolewa bure kwa wanaotimiza 65, kwa wa miaka 70 hadi 79, na mapema zaidi kwa wenye kinga dhaifu sana. Kwetu Tanzania na Kenya haimo kwenye ratiba ya kawaida ya taifa, ambayo imejengwa zaidi kwa watoto. Kwa aliyeko nyumbani, kinachowezekana leo ni kuujua mkanda mapema na kuwahi dawa bila aibu. Aliyeko ughaibuni na barua mkononi ana zaidi ya hapo.

Kwa hiyo, baba mkubwa, barua haikuulizi unakutana na nani. Bibi alikuwa akitusimulia jinsi wewe na baba mlivyougua tetekuwanga wiki moja pale Pangani, akawaogesha maji ya mwarobaini, na lile kovu dogo juu ya nyusi yako ni la siku zile ulipokatazwa kujikuna ukajikuna. Aliyekuambukiza ulishakutana naye, ukiwa na miaka sita.