Dume hazai, lakini jeni zake zimo katika kila uzao wa mabinti zake

Mfugaji anayetaka sungura wanaokua haraka husaidiwa sana na mizani. Anawapima siku ya kuachishwa kunyonya, anawapima tena wiki kadhaa baadaye, kisha anabakiza kwa mbegu waliowapita wenzao. Makuzi hurithika kwa kiasi cha kuridhisha, kwa hiyo juhudi hiyo haipotei.

Idadi ya watoto kwa uzao ni habari nyingine. Tofauti tunazoziona baina ya jike na jike hutokana na urithi kwa takriban asilimia 10 tu. Zinazobaki huletwa na lishe, joto, umri, au kupandishwa angali ananyonyesha. Jike aliyezaa watoto 12 safari moja bado hajathibitisha lolote. Na dume je? Hazai, ila nusu ya jeni za kila binti yake zimetoka kwake. Kumpima kwa njia ya kawaida ni kungoja mabinti wakue, wapandwe, wabebe mimba ya siku 31 hivi, ndipo tuhesabu. Huumia nikiona dume akichaguliwa kwa umbo peke yake.

Hapo ndipo viashiria vya vinasaba vinapofaa. Kiashiria ni mahali kwenye DNA, yaani molekuli inayobeba jeni, ambapo sungura hutofautiana, na tofauti hiyo ikaambatana na sifa tunayoitafuta. Kipande kidogo cha ngozi ya sikio kinatosha kwa kipimo hicho cha maabara, hata kwa dume ambaye hajapevuka. Kwa makuzi, zimechunguzwa jeni ya homoni ya ukuaji na ile ya miostatini, protini inayozuia misuli isinenepe kupita kiasi. Kwa uzazi, jeni ya kipokezi cha projesteroni, homoni inayotunza mimba, ilichunguzwa huko Valencia, Hispania, katika koo za sungura zilizochaguliwa kwa uwezo wa mji wa mimba kubeba watoto.

Lakini sifa hizi huendeshwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Kiashiria kilichofaa katika ukoo mmoja huenda kisioneshe chochote katika mwingine, hivyo lazima kijaribiwe kwa sungura wako mwenyewe. Tena, watoto wakiwa wengi tumboni huzaliwa wadogo. Anayefuata idadi tu ataona vifo kiotani.

Kwa hiyo andika kila uzao: waliozaliwa hai, waliokufa, walioachishwa na uzito wao, pamoja na namba za baba na mama. Maabara itahitaji namba hizo ili kulinganisha na DNA.