Kambi za vijana wa pande zinazohasimiana: wanavyodhani watu na ilivyo kweli

Kila inapotajwa habari ya kuwakusanya vijana wa pande mbili zilizogombana, wawe Waisraeli na Wapalestina kule Marekani au vijana wa vyama viwili hapa kwetu Zanzibar, barzani husikika maneno yaleyale. Nimeyasikia Wete, nimeyasikia Darajani. Wapo wazazi wanaowazuia watoto wao kwa sababu ya maneno hayo, na wapo wanaowaruhusu wakitarajia makubwa mno.

Dhana: Wakila sinia moja, chuki inaondoka yenyewe

Hii ndiyo iliyoenea zaidi, na Mzanzibari angepaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Sisi hatukukosa kukutana. Tumeoana, watoto wetu wamesoma skuli moja, na harusini tumezunguka sinia moja. Pamoja na hayo yote, baada ya uchaguzi wa 1995, na tena baada ya ule wa marudio wa Machi 2016, kulikuwa na vijiji Pemba ambavyo watu wake hawazikani. Mwenye duka hakumuuzia jirani yake, gari ya abiria ilimwacha mtu njiani kwa sababu ya chama chake, ndugu hawakwendeana hitma. Na hao walikuwa wanajuana tangu utotoni.

Mwanasaikolojia wa Kimarekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki yakiwepo mambo manne: watu wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wakubwa wao waunge mkono. Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Muzafer Sherif, aliwachukua wavulana 22 kwenye kambi huko Oklahoma, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha mpaka wakachukiana. Alipowaweka pamoja kula, walirushiana chakula. Walianza kuelewana pale maji ya kambi yalipokatika ikabidi wote watafute kasoro, na pale gari la chakula lilipogoma kuwaka wakalivuta kwa kamba. Wapo waliomlaumu Sherif baadaye kwamba aliwachochea watoto wale, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini kilichotokea pale mezani kinajulikana na kila aliyewahi kusimamia kambi ya vijana.

Nimekiona mwenyewe kwenye kambi moja ya vijana wa Unguja na Pemba. Usiku wa kwanza masinia yalipotengwa, kila mmoja alikaa na aliokuja nao. Waliochanganywa kwa lazima walikula kimya, "karibu" na "ahsante" basi. Mambo yalibadilika walipoachiwa wapike wenyewe. Kijana mmoja wa Mjini alikalia mbuzi akakuna nazi mpaka ikaanza kuingia rangi ya kifuu. Msichana wa Micheweni akamwondosha, akamwonyesha namna ya kuzungusha, wakaanza kubishana tui la kwanza litiwe saa ngapi. Walibishana kwa kelele kweli, na mpaka wali unapaliwa makaa walikuwa wanaitana kwa majina. Pale palikuwa na kazi, na asingekula mtu kama isingekwisha.

Sharti la nne la Allport, la wakubwa kuunga mkono, tumelishuhudia. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kupeana mikono. Tarehe 31 Julai 2010 wapiga kura asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao hatukuuzoea. Kijana anayetoka kambini akakuta viongozi wake wanatukanana majukwaani amebebeshwa mzigo usio wake.

Dhana: Wanakwenda kufundishwa wasahau haki zao

Programu inayojulikana zaidi duniani ni Seeds of Peace, aliyoianzisha mwandishi wa habari John Wallach mwaka 1993 katika jimbo la Maine, Marekani. Ilianza na vijana wa Israel, Palestina na Misri. Wanacheza mpira na kuogelea, lakini kila siku kuna kikao cha mazungumzo chenye wasimamizi waliofunzwa. Humo wanapiga kelele, wanalia, wengine wanatoka nje wakabembelezwa kurudi. Hakuna anayetakiwa akubaliane na mwenzake. Anachotakiwa ni kumsikiliza mpaka mwisho.

Urafiki wa kambini nao haukuwa ngao, na hilo lisemwe wazi. Asel Asleh, kijana wa Kipalestina raia wa Israel, alikuwa mmoja wa waliopitia kambi ile. Oktoba 2000, akiwa na umri wa miaka 17, aliuawa kwa risasi ya polisi wakati wa maandamano, amevaa fulana ya kijani ya kambi hiyo. Hakuna askari aliyefikishwa mahakamani kwa kifo chake. Kwa hiyo anayesema kambi inaweza kukaa mahali pa haki anakosea, na waendeshaji walio makini hawadai hivyo.

Kwetu maana yake ni hii: kijana ambaye baba yake alivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, Januari 2001, pale watu wasiopungua 35 walipouawa Zanzibar katika maandamano ya upinzani kwa hesabu ya Human Rights Watch na wengine kama 2,000 wakakimbia, awe na nafasi ya kulisema bila ya kuambiwa anachimbua makaburi. Na mwenzake aliyelelewa na masimulizi ya babu yake kuhusu maisha ya kabla ya Mapinduzi ya 1964 naye asikilizwe vivyo hivyo. Kambi inayokwepa mambo haya na kuishia kwenye nyimbo na michezo naiona ni matembezi tu.

Dhana: Akirudi nyumbani yote yanafutika

Sehemu hufutika, sehemu hubaki. Watafiti Jane Risen na Juliana Schroeder waliwafuatilia vijana wa Seeds of Peace wakaona kwamba aliyepata hata rafiki mmoja wa karibu wa upande wa pili aliutazama upande ule wote kwa jicho jema zaidi. Miezi kadhaa baada ya kurudi kwao joto lilipungua, ila halikurudi lilipoanzia. Sri Lanka, vijana wa Kisinhala na Kitamil waliokaa pamoja siku nne walionyesha mwaka mmoja baadaye huruma zaidi kwa upande wa pili, hata kwa kuchangia fedha kwa watoto maskini wa upande huo.

Iraq ilitoa jibu gumu zaidi. Mtafiti Salma Mousa alichanganya Wakristo na Waislamu kwenye timu za mpira, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Wachezaji Wakristo walibadilika kwa wenzao Waislamu wa uwanjani. Kwa Mwislamu wasiyemjua, mtaani au mkahawani, mabadiliko yalikuwa madogo.

Dhana: Vijana ndio wenye ugomvi

Mwafaka wa 1999 na ule wa 2001, makubaliano ya CCM na CUF, ilivunjika mikononi mwa watu wazima. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, linawatambua vijana kuwa washiriki wa kujenga amani. Wengi wao hawajawahi kumpiga mtu.

Dhana: Cheti kikishatolewa, kazi imekwisha

Bajeti nyingi huishia kwenye picha ya pamoja na cheti. Mzazi anayeletewa fomu asaini aulize watakutana tena lini, na nani atalipa nauli ya boti baina ya Mkoani, Pemba, na Malindi ya Unguja. Aulize pia nani atapokea simu mwanawe akiitwa msaliti maskani, kwenye kijiwe cha chama chake, maana ataitwa, na aghlabu huwa ni wiki ya kwanza tu baada ya kurudi.