Asali haifiki kwenye nyuzi za sauti

Darasa la kwanza la uimbaji halikosi mtu mwenye kichupa cha asali na limau, "cha kulainisha sauti". Kinateremka vizuri kooni, sikatai. Ila nyuzi za sauti hakizigusi.

Nyuzi hizo zimo ndani ya kikoromeo, mlangoni mwa njia ya hewa. Kinywaji hupita nyuma yake, kwenye umio, yaani njia ya chakula. Unapomeza, kidakatonge, kifuniko cha njia ya hewa, huinama na nyuzi zenyewe hujifunga. Tone moja likikosea njia unapaliwa, unakohoa hadi machozi. Yaani asali ingefika kweli, usingeimba kabisa.

Maji husaidia, lakini kwa njia ndefu: tumboni, kwenye damu, kisha kwenye utando wa nyuzi. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, si glasi nzima mlangoni mwa darasa. Mvuke ndio hufika moja kwa moja, maana huvutwa na pumzi.

Kinachoziandaa hasa ni zoezi. Tetemesha midomo kama mtoto anayeiga gari, ukipanda na kushuka taratibu, bila kukaza shingo. Koo likiwasha katikati, asali itatuliza mkwaruzo, lakini nyuzi zilizochoka bado zimechoka. Kaa, sikiliza wenzako, utaimba kesho.